Ukiua viini, usiiue na barakoa

PITA katika mtaa wowote wa nyumba za orofa jijini Nairobi siku ya Jumapili asubuhi, kisha uinue macho utazame kamba za nguo kwenye roshani. Kati ya shuka, sare za shule na soksi, huenda ukaona barakoa mbili tatu za rangi ya samawati, zile za hospitali, zimebanwa kwa vibanio zikauke. Zimefuliwa kwa sabuni ya unga, zimesuuzwa mara mbili, na mwenyewe anatazamia kuzivaa wiki ijayo atakapokwenda kumjulia hali mgonjwa wodini, au atakapoketi ndani ya matatu iliyojaa watu wanaokohoa.

Je, mtu huyo amefanya vyema au amejidanganya?

Iwapo wewe msomaji ni mmoja wao, usione haya. Mwandishi wa makala haya alikuwa bingwa wa kazi hiyo mwaka wa 2020. Kila jioni niliziloweka zangu katika beseni la sabuni, nikazisuuza, nikazinyunyizia spiriti ili kujihakikishia, kisha nikazianika. Nilikuwa hata nawashauri majirani wafanye vivyo hivyo. Aliyenizindua ni muuguzi mstaafu anayeishi orofa ya chini yangu, ambaye jengo zima humwita Sista. Alinikuta nikizianua, akatikisa kichwa na kuniuliza, "Mwanangu, viini umeviua, sawa. Na barakoa yenyewe je, umeiacha hai?"

Swali hilo ndilo ninalotaka tulijibu leo, kwani wengi wetu tulidhani kwamba mambo ya barakoa yalikwisha. Ni kweli kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO), lililotangaza Covid-19 kuwa dharura ya kimataifa Januari 30, 2020, liliiondoa dharura hiyo Mei 5, 2023. Hapa Kenya amri ya kuvaa barakoa mahali pa wazi iliondolewa mapema zaidi, Machi 11, 2022. Hata hivyo, barakoa hazikuondoka majumbani mwetu. Anayemuuguza mzazi mwenye saratani huivaa. Mwenye mgonjwa wa kifua kikuu huivaa. Wengine huzitoa kabatini baridi ya Juni na Julai inapoleta mafua. Na kwa kuwa si kila mtu ana uwezo wa kufungua mpya kila siku, ile ya jana hurudi usoni leo.

Kuua viini peke yake si kazi ngumu. Virusi vya korona, mathalan, vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huusambaratisha. Katika maabara, virusi hivyo vilipotiwa katika majimaji na kupashwa joto la nyuzi 70, havikumaliza zaidi ya dakika tano. Spiriti huviua, jiki huviua, maji yanayochemka huviua. Kama lengo lingekuwa kuua tu, hata kuitia barakoa motoni kungefaa.

Ugumu uko kwingine. Wataalamu husema kwamba njia yoyote ya kusafisha barakoa haina budi kutimiza mambo matatu kwa pamoja: iangamize viini, isiharibu uwezo wa barakoa wa kuchuja hewa na kubana vizuri usoni, na isiache dawa ambayo mvaaji ataivuta puani kutwa nzima. Njia nyingi tunazozitumia nyumbani hutimiza la kwanza na kushindwa katika la pili. Baya zaidi ni kwamba hasara hiyo haionekani kwa macho. Barakoa iliyoharibika hubaki nyeupe na yenye kunukia vizuri, na mwenyewe huingia wodini akiwa na moyo mkuu kuliko asiyevaa chochote.

KITAMBAA

Tuanze na ile isiyo na matata. Barakoa ya kitambaa huchuja kwa kusongamana kwa nyuzi zake na kwa wingi wa tabaka zake, basi. Ndiyo maana haidhuriki kwa maji wala sabuni, kama vile shati lako lisivyodhurika, hadi itakapochakaa.

Hizi ndizo zilizoshonwa kwa wingi kuanzia Aprili 2020, wakati Serikali ilipoagiza kila mtu avae barakoa hadharani, na mkaidi akabiliwe na faini ya hadi Sh20,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Cherehani za kiwanda cha nguo cha kaunti ya Kitui, KICOTEC, na za Rivatex mjini Eldoret zilielekezwa katika kazi hiyo, nao mafundi wa mitaani wakashona za vitenge kando ya barabara. Kusudi moja lilikuwa kuwaachia wahudumu wa afya zile za hospitali, ambazo wakati huo zilikuwa adimu ulimwenguni kote.

Sista alicheka sana watu walipoziita kitu kipya. Alipoanza kazi ya uuguzi, asema, barakoa zote za chumba cha upasuaji zilikuwa za pamba. Zilifuliwa, zikafungwa ndani ya madebe ya chuma na kupitishwa katika mashine ya mvuke, kisha zikavaliwa tena na tena. Historia yamuunga mkono. Daktari Wu Lien-teh alipopambana na tauni ya mapafu huko Manchuria, kaskazini mashariki mwa Uchina, mwaka wa 1910 na 1911, aliwavisha wahudumu barakoa za shashi na pamba. Zile za kutumia mara moja na kutupa zilianza kushika nafasi hospitalini miaka ya 1960 tu. Kwa hivyo wazo la kusafisha barakoa na kuirudia si la kimaskini hata kidogo. Shida ni kwamba barakoa ilibadilika, nasi tukaendelea kuifua kana kwamba bado ni ya pamba.

Basi ya kitambaa huoshwaje? WHO ilipendekeza ifuliwe kwa sabuni angalau mara moja kwa siku, katika maji ya joto lisilopungua nyuzi 60. Maji ya namna hiyo hayavumiliki kwa mkono, kwa hivyo tumia mwiko wa zamani kuyakorogea. Asiye na maji moto ya kutosha anaweza kuifua kwa sabuni katika maji ya kawaida, kisha aichemshe kwa muda wa dakika moja.

Hapa wasomaji wa nyanda za juu wana haki ya kuuliza jambo. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, yaani kwa wenzetu wa Mombasa. Jiji la Nairobi liko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na huku maji huanza kuchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Eldoret ni chini ya hapo kidogo. Ndiyo maana maharagwe ya Eldoret hutafuna makaa mengi. Lakini kwa barakoa usijali, kwani nyuzi 93 ni zaidi ya kiasi kinachohitajika. Mimi huziacha zitokote dakika tano, maadamu jiko limekwisha kuwaka.

Njia ya tatu ni jiki, nayo ndiyo inayokosewa mno. Kiwango kinachotakikana ni asilimia 0.1 ya klorini, ambacho ni kidogo kuliko watu wanavyodhania. Soma kibandiko cha chupa. Ikiwa dawa yako ina asilimia 3.5, basi vijiko viwili vya mezani katika lita moja ya maji vyatosha. Ikiwa ni asilimia 5, weka sehemu moja ya dawa kwa sehemu 49 za maji. Barakoa iwe imekwisha kufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa. Izamishe kwa dakika moja, kisha uisuuze sana kwa maji safi hadi harufu iishe. Harufu ikibaki, ujue utaivuta wewe. Tengeneza mchanganyiko mpya kila siku, kwa maana nguvu za klorini hupungua zikikaa, na jua huzipunguza haraka zaidi. Wala usithubutu kuichanganya na siki, spiriti au dawa ya kusafishia choo ukidhani unaiongezea makali. Mchanganyiko huo waweza kutoa gesi yenye sumu ndani ya bafu lako dogo lisilo na dirisha.

Tahadhari moja kuhusu pasi. Kitambaa cha pamba hupigwa pasi ya moto bila madhara. Lakini baadhi ya barakoa za kitambaa zina tabaka la kati la plastiki laini, mfano wa kile kitambaa cha mifuko ya sokoni iliyokuja baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017. Pasi ya moto huliyeyusha tabaka hilo, na ukitazama kwa nje hutatambua.

CHAJI ISIYOONEKANA

Sasa turudi kwa zile za samawati zilizoko kwenye kamba, pamoja na ndugu yake mkubwa, N95, ile ngumu yenye umbo la bakuli au mdomo wa bata.

Jaribu mchezo tuliouzoea shuleni. Chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kuganda kwenye kitana. Umeme mdogo uliomo katika plastiki ndio unaovivuta. Kichujio cha barakoa ya N95 hufanya kazi kwa siri hiyo hiyo, na zile nzuri za hospitali vilevile. Ndani yake mna tabaka la nyuzi nyembamba mno za polipropilini, nazo zimetiwa chaji ya umeme kiwandani. Chembe ndogo inayopita kati ya nyuzi, ambayo ingeteleza bila kugusa kitu, huvutwa na kunaswa kama inzi kwenye utando wa buibui.

Chaji hiyo ndiyo inayowezesha N95 kunasa asilimia 95 au zaidi ya chembe zenye upana wa sehemu 0.3 tu ya elfu moja ya milimita, huku mvaaji akiendelea kupumua bila kukabwa. Bila chaji, ingebidi kichujio kiwe kizito kama godoro ndipo kifanye kazi hiyo.

Aliyechangia pakubwa katika ufundi huo ni Peter Tsai, mtafiti mzaliwa wa Taiwan aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Ugonjwa ulipozuka mwaka wa 2020 alikuwa amekwisha kustaafu. Simu zikaanza kumiminika kutoka hospitalini, nazo zote zilikuwa na swali moja: tuzisafisheje ili tuzirudie? Mzee huyo akarudi kazini kutafuta jibu.

Yeye na watafiti wengine walikuta jambo linalopaswa kutuzindua sisi wa beseni na spiriti. Kinachoondoa chaji kwa haraka zaidi ni vile vitu viwili tunavyovikimbilia kwanza: sabuni na spiriti. Watafiti wa maabara ya serikali ya Marekani iliyoko Montana, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles, walizijaribu njia nne juu ya N95 mwaka huo. Spiriti ya asilimia 70 iliua virusi upesi, lakini iliiharibu barakoa hata wakashauri isitumiwe. Joto kavu la nyuzi 70 lilifaulu, ingawa kwa mara mbili tu kabla ya barakoa kulegea usoni. Miale ya urujuanimno na mvuke wa haidrojeni peroksaidi zilifika mara tatu.

Kwa hivyo ukinyunyizia sanitaiza kwenye barakoa yako ya hospitali kabla ya kushuka garini, kama nilivyokuwa nikifanya, umechukua kitana chenye umeme na kukigeuza kijiti cha kawaida. Nyuzi bado zipo, matone makubwa ya mate yatazuiwa bado. Chembe ndogo zinazoelea hewani ndizo zitakazopita.

Hapo ndipo jibu la swali letu la mwanzo linapopatikana. Barakoa ya samawati iliyofuliwa haijawa takataka. Imeshushwa cheo. Ilikuwa ya hospitali, sasa imekuwa sawa na ya kitambaa. Ukienda nayo sokoni au kanisani ili usimkoholee mwenzako, sina ugomvi nawe. Ukienda nayo katika chumba cha mgonjwa ukitegemea ikukinge wewe, umejidanganya.

Labda utauliza, kama joto na mvuke vinafaa, mbona tusivitumie nyumbani? Hospitali za Marekani zilitumia mitambo. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya huko, FDA, iliiruhusu taasisi ya Battelle ya Ohio kusafisha N95 kwa mvuke wa haidrojeni peroksaidi ndani ya makontena makubwa. Mwanzoni kila barakoa iliruhusiwa kupitishwa humo hadi mara 20. Januari 2021 idadi hiyo ikapunguzwa hadi 4, na mnamo Juni 30, 2021, baada ya barakoa mpya kupatikana kwa wingi, ruhusa za mitambo yote ya aina hiyo zikaondolewa. Tafakari hilo, msomaji. Ikiwa mtambo wa namna hiyo, wenye wataalamu na vipimo, ulipunguziwa hadi mara nne, sufuria yangu na yako ni nani?

Oveni ya nyumbani haijui nyuzi 70 ni nini. Nyingi za gesi huanzia juu ya 100, na ukuta wake wa chuma una moto kuliko hewa iliyo katikati. Isitoshe, humo ndimo unamookea keki ya watoto. Maikrowevu ni hatari zaidi, kwani waya wa puani ni chuma, nao hutoa cheche. Mvuke wa sufuria huilowesha barakoa na waweza kuikunja umbo. Kuitia kwenye friji ni kuvihifadhi viini, kwa maana virusi hupenda baridi.

Jua nalo? Nalipenda jua, na nguo iliyokauka juani ina ladha yake. Lakini miale yake haifiki ndani ya mikunjo wala katika tabaka la kati, na siku ya mawingu haina ahadi. Lichukulie kuwa la kukaushia.

IPE MAPUMZIKO

Njia iliyobaki ni rahisi hivi kwamba watu huidharau. Nayo ni kungoja.

Virusi si kama mbegu za mahindi zinazoweza kukaa ghalani hadi msimu ujao. Vikitoka mwilini huanza kufa vyenyewe, iwapo mahali ni pakavu. Tsai alipendekeza mtu awe na barakoa kadhaa, avae moja leo na kuiacha ikae siku kadhaa huku akitumia nyingine. Ni siku ngapi? Watafiti wa Hong Kong waliokagua mwaka wa 2020 walikuta kwamba kwenye upande wa nje wa barakoa ya hospitali, masalio ya virusi vya korona yalikuwepo hata siku ya saba, japo kidogo sana. Kwa hivyo mimi hungoja wiki nzima.

Tafuta mifuko saba ya karatasi, ile ya khaki wanayofungia mandazi, na uandike siku ya wiki juu ya kila mmoja. Ya Jumatatu ukiivua iingize katika mfuko wa Jumatatu, na isitoke hadi Jumatatu inayofuata. Usitumie mfuko wa plastiki wala kuifungia ndani ya kopo, kwa sababu unyevu wa pumzi hautapata pa kutokea, nao unyevu ndio rafiki wa viini na ukungu. Mfuko uwe mahali pakavu, pasipofikiwa na watoto. Kila mtu na yake. Barakoa haiazimwi, hata baina ya mume na mke.

Unapoivua shika kamba, usishike sehemu ya mbele. Nawa mikono. Unapoivaa tena fanya vivyo hivyo, kisha uikague: shikilia N95 usoni kwa mikono miwili, toa pumzi, na uone kama hewa inapenya pembeni au machoni. Ikipenya hata baada ya kuirekebisha, imekwisha, hata kama haijapata doa. Kamba iliyolegea haifufuki. Mashirika ya afya ya Marekani yalishauri N95 isivaliwe na kuvuliwa zaidi ya mara tano, iwapo mtengenezaji hakusema vingine, na sababu kubwa ni hiyo ya kamba na kubana usoni. Ndevu pia hutoboa njia, waume tusidanganyane. Na barakoa yoyote iliyolowa, iliyochanika, au iliyorukiwa na damu au makohozi haingojewi wiki. Hutupwa siku hiyo hiyo.

KIFUA KIKUU

Nimeacha hili hadi sasa kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Kenya imo katika orodha ya WHO ya 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na katika nyumba nyingi za chumba kimoja mgonjwa na wanaomtunza hulala hatua mbili kutoka kwa wenzao. Wanaponunua N95 moja kwa fedha walizojinyima, huiosha kila usiku kwa sabuni na jiki wakidhani wanajikinga zaidi. Kumbe kila usiku wanaidhoofisha.

Kifua kikuu hakiambukizwi kwa kugusa barakoa, nguo, kikombe wala shuka za mgonjwa. Huambukizwa kwa kuvuta hewa yenye bakteria alizozitoa kwa kukohoa. Kwa hivyo anayemuuguza mgonjwa wa kifua kikuu hana haja ya kuua viini juu ya N95 yake hata kidogo. Anachohitaji ni kuitunza ikiwa kavu, haijakunjika, ndani ya mfuko wake wa karatasi, na kuitupa inapoacha kubana. Usiioshe! Mgonjwa naye, akiwa na wenziwe, avae ile ya samawati, ambayo humzuia kutawanya makohozi, na ibadilishwe inapolowa. Akikosa hiyo, ya kitambaa iliyofuliwa ni afadhali kuliko kukohoa waziwazi.

Na kuna kitu kinachosaidia kuliko barakoa zote, ambacho hakiuzwi dukani. Ni dirisha. Lifungue, hata kama baridi ya Julai yauma, na mlango ukiwezekana, ili upepo upite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mgonjwa akae nje kivulini mchana. Zaidi ya yote ameze dawa zake bila kukosa. Hutolewa bure katika hospitali na zahanati za umma, na mgonjwa anayetumia dawa zinazomfaa huacha kuwa hatari kwa wenziwe mapema kuliko watu wanavyofikiri, ingawa lazima amalize miezi yote aliyoandikiwa. Muulize daktari wake ni lini barakoa inaweza kuwekwa kando, wala usijiamulie.

Jambo la mwisho ni la jaa la takataka. Barakoa inapofikia mwisho wake, kata kamba zote mbili kwa makasi kabla ya kuitupa, uifunge ndani ya karatasi, kisha uitie kwenye pipa lenye kifuniko. Mtaani kwetu niliwahi kumkuta mtoto wa miaka mitatu hivi, ameokota moja kwenye mtaro, ameivaa barabara hadi machoni, na anacheza daktari.